Sura ya Tatu: Kushuka Kitonga

Jioni moja ya Kwaresima kwaya yetu ilikwama kwenye mstari mmoja. Ulikuwa mstari wa mapigo 16, mwendo wa taratibu, na sauti ya kwanza walitakiwa waupite wote bila kukata. Kila wakifika pigo la 11 sauti zilianza kuteremka. Kwenye la 13 nusu ya safu ilikuwa imeshanyamaza, na waliobaki walikuwa wanaimba huku mishipa ya shingo imewatoka. Mwalimu wetu wa wakati ule akagonga stendi ya nota kwa kalamu, akatoa agizo ambalo nimelisikia katika kila kwaya niliyoimba tangu utotoni: "Vuteni pumzi nyingi! Imbeni kwa tumbo!"

Wakavuta. Nilikuwa nimekaa upande wa besi, nikayaona mabega ya akina dada yakipanda kwa pamoja hadi karibu na hereni zao. Wakaanza upya, na safari hii wakakata kwenye pigo la 9.

Nimefundisha kwaya miaka mingi baada ya jioni ile, na bado sijapata swali linalofaa kuanza nalo somo la pumzi kuliko hilo. Ilikuwaje watu wakaongeza hewa, halafu pumzi ikawaishia mapema zaidi?

Tuanze na mahali hewa inapokaa. Mapafu hayana msuli wa kuyapanua. Yamefungiwa ndani ya mbavu kama sponji ndani ya tenga. Tenga likipanuka, nayo hupanuka na hewa huingia yenyewe. Tenga hilo lina jozi 12 za mbavu, na zile za chini hunyanyuka kwenda pembeni kama mpini wa ndoo unavyonyanyuliwa. Sakafu ya tenga ni kiwambo, au diaframu kama tunavyoiita kwenye kwaya. Ni msuli mpana uliojikunja kwenda juu mfano wa bakuli lililofudikizwa. Ukikaza, bakuli hunyooka na kushuka, na kushuka kwake hulisukuma ini, tumbo na utumbo. Viungo hivyo havina pa kwenda ila mbele na pembeni, ndiyo maana mtu anayevuta pumzi vizuri huonekana tumbo likitoka. Hewa yenyewe haijafika tumboni. Iko mapafuni kama siku zote.

Kwenye kwaya zetu neno diaframu limekuwa dawa ya kila ugonjwa. Sauti ikishuka, diaframu. Sauti ikikwaruza, diaframu. Lakini kiwambo kazi yake ni kuvuta hewa iingie. Kikishamaliza kuvuta hulegea na kurudi juu, na hakina uwezo wa kusukuma hewa itoke. Kwa hiyo mwalimu anayesema "sukumeni kwa diaframu" anaagiza kazi ambayo msuli huo haukuumbwa kuifanya. Waimbaji, kwa utii wao, watasukuma kwa chochote kilicho karibu: tumbo litakazwa kama la mtu anayenyanyua gunia, koo litabanwa, shingo itavimba. Nimeona vijana wenye sauti nzuri wakiharibikiwa hivyo, nami inaniuma, kwa sababu walikuwa wanafanya walichoambiwa.

Sasa tupande hadi kwenye sauti yenyewe. Chukua puto, lipulize, kisha ushike mdomo wake kwa vidole na kuuvuta pande mbili huku ukiachia hewa kidogo kidogo. Litalia. Vuta zaidi, mlio unapanda, legeza, unashuka. Shingoni mwetu, kwenye zoloto, kile kinundu kinachopanda na kushuka mtu anapomeza mate, kuna mikunjo miwili laini tunayoiita nyuzi za sauti. Hewa ikipita katikati yake, kingo zake hutetemeka kama mdomo wa lile puto. Mwimbaji akishika ile sauti ambayo vyombo vya muziki huwianishwa kwayo, kingo hizo hukutana na kuachana mara 440 kwa sekunde moja. Mtu wa kwanza anayesifiwa kuziona nyuzi za sauti zikifanya kazi alikuwa mwalimu wa uimbaji, Mhispania Manuel García. Mwaka 1854 alitumbukiza kooni mwake kioo kidogo cha daktari wa meno na kuelekeza mwanga wa jua kwa kioo cha mkononi. Madaktari wa koo wanamheshimu hadi leo. Kilichomsukuma ni shida ileile ya kwetu: alitaka kujua anawafundisha nini wanafunzi wake.

Jaribio la pili linahitaji glasi ndefu ya maji na mrija. Tumbukiza mrija sentimita 7, kisha puliza taratibu mpaka mapovu yaanze kutoka. Msukumo huo mdogo, ambao hata mtoto anauweza, ndio takribani nguvu ya hewa tunayoitumia tunapoongea sebuleni. Ukiimba kwa sauti ya kawaida utahitaji zaidi kidogo. Ukiimba kwa nguvu, unaweza kupita sentimita 20 au hata 30. Mwambie mwimbaji afanye jaribio hili kabla hujamwambia neno lolote kuhusu nguvu. Wengi hushangaa kuona ni hewa kidogo kiasi gani inayotosha kuamsha sauti, na wengine hugundua papo hapo kwamba miaka yote wamekuwa wakipuliza kama wanaowasha moto wa kuni mbichi.

Hapa ndipo jibu la ile jioni ya Kwaresima lilipo. Mapafu yaliyojaa hutaka kurudi yenyewe, kama mpira uliovutwa. Mtu akivuta hewa hadi kikomo kisha akalegea, kifua chake peke yake, bila msuli wowote kusukuma, hutoa msukumo unaokaribia zile sentimita 30. Wimbo wa taratibu unataka labda 10. Hiyo ziada itakwenda wapi?

Fikiria dereva wa lori lililosheheni anayetoka Iringa na kuanza kushuka mteremko wa Kitonga. Pale juu hakanyagi mafuta hata kidogo. Uzito wa mzigo unamsukuma, na kazi yake yote ni kuzuia: anaingiza gia nzito, anagusa breki kwa akili, anaiacha injini ishike gari. Akifika tambarare ya Ruaha Mbuyuni mteremko umekwisha, na hapo sasa anaanza kukanyaga mafuta, kidogo kwanza, kisha zaidi kadiri barabara inavyomdai. Mstari mrefu wa wimbo huimbwa hivyohivyo. Mwanzoni, mapafu yakiwa yamejaa, misuli ileile iliyovuta hewa haina budi kuendelea kushika, ili mbavu zisifunge na kiwambo kisirudi juu kwa pupa. Katikati kuna kipande kifupi ambacho msukumo wa mapafu unalingana na mahitaji, na mwimbaji husikia kama sauti inajiimba. Mwishoni msukumo wa asili umekwisha, na misuli ya tumbo la chini huingia ndani polepole kumalizia safari.

Akina dada wale waliongeza mzigo kwenye lori bila kuongeza breki. Kwa kupandisha mabega walijaza kifua hadi pomoni, na walipofungua kinywa mteremko ukawachukua. Mapigo manne ya kwanza yalitoka kwa kishindo kilichozidi wimbo wenyewe, na kufikia la 9 hazina ilikuwa imekwisha. Laiti mwalimu angewaambia wavute kidogo zaidi ya nusu, na kuimba mapigo manne ya kwanza kana kwamba bado wanavuta, nadhani wangefika.

Hicho kitendo cha kuimba "kana kwamba bado unavuta" ndicho Waitaliano walichokiita appoggio, yaani kuegemea. Francesco Lamperti, mwalimu wa karne ya 19 aliyefundisha Milan, alikieleza kama mapambano: misuli ya kutoa hewa inataka kuitoa, misuli ya kuvuta inaishikilia, na sauti nzuri hupatikana kwenye mizani ya nguvu hizo mbili. Nimesoma maelezo mengi ya pumzi, mengine yamejaa maneno ya kitaalamu kurasa hadi kurasa, na bado naliona hilo la mapambano kuwa ndilo linaloeleweka haraka na mwimbaji aliyesimama mbele yako.

Lakini mbavu haziwezi kubaki wazi kwenye mwili uliojikunja, na hapa sihitaji Waitaliano. Siti binti Saad, kabla jina lake halijavuma katika taarabu, alikuwa binti wa familia ya wafinyanzi kutoka Fumba, Unguja, akiuza vyungu. Masimulizi ya Zanzibar yanaikumbuka sauti yake ya kunadi jinsi ilivyofika mbali. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Mimi humfikiria kwanza yule muuza vyungu. Anayetembea na mzigo kichwani hawezi kuinamisha kidevu wala kukunja mgongo. Shingo hurefuka, kifua hukaa wazi bila kupandishwa, mabega hutulia mahali pake, nyonga hubeba uzito. Mtu wa namna hiyo akinadi, kila pumzi inayoingia inakwenda chini, maana juu hakuna nafasi ya kuhangaika. Walimu wa Ulaya hutumia miezi kuwafundisha wanafunzi wao msimamo huo. Sisi tunawaona akina mama na mabinti wakiutembeza barabarani kila asubuhi wakitoka kisimani.

Kwa hiyo siwaambii waimbaji wangu "simameni wima", kwa sababu wakiambiwa hivyo hukakamaa kama askari. Nawaambia wabebe ndoo ya lita 20 isiyoonekana, imejaa, na maji yasimwagike. Mabega hushuka yenyewe.

Mazoezi ya pumzi ni mengi na sitayaorodhesha yote. Nitakaa kwenye moja, kwa sababu limenisaidia kuliko mengine.

Alikuwapo dada mmoja wa sauti ya pili katika kwaya niliyoifundisha baadaye. Sauti yake ilikuwa nzito na tamu, lakini hakuweza kupita mapigo sita bila kukata. Alikuwa amekata tamaa, akiamini amezaliwa na mapafu madogo. Nilimlaza chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, nyayo zimekaa sakafuni, na kitabu cha nyimbo, kile kikubwa chenye jalada gumu, nikamwambia akiweke juu ya kitovu. Kisha nikamwambia asifanye lolote. Apumue tu kama anayetaka kulala. Kwa dakika mbili hivi kitabu hakikusogea, kifua ndicho kilichokuwa kikihangaika. Halafu akaanza kuchoka kujitahidi, na kitabu kikapanda. Kikashuka. Kikapanda tena. Akanyanyua kichwa kukitazama kama mtu aliyesikia mtoto akicheza tumboni. Hakuwa amejifunza kitu kipya. Kila mtu aliyelala usingizi hupumua hivyo, na alikuwa akifanya hivyo kila usiku tangu azaliwe.

Nikamwambia avute hewa kwa hesabu ya nne, kisha aitoe kwa mlio wa "sss" mwembamba, ule wa kuwanyamazisha watoto kanisani, na macho yake yabaki kwenye kitabu. Sharti moja: kitabu kishuke polepole kama jua la jioni, kisianguke. Siku ya kwanza alipata sekunde 11. Kitabu kilizama ndani ya sekunde tatu za mwanzo, halafu akabaki anakamua kilichosalia. Hiyo ilikuwa Kitonga yake, tuliiona kwa macho. Kila jioni kabla ya kulala alirudia mara tano, asizidishe, kwa sababu kupumua kwa nguvu mfululizo huleta kizunguzungu. Baada ya wiki sita alikuwa anafika 27. Mapafu yake hayakukua hata kidogo katika wiki hizo. Kilichobadilika ni namna alivyoachia hewa.

Ukishaweza ukiwa umelala, kaa. Ukishaweza ukiwa umekaa, simama, na weka viganja ubavuni mahali mbavu zinapoishia, uzisikie zikibaki wazi unapotoa "sss". Hatua ya kusimama ndiyo ngumu na wengi huirukia mapema. Halafu badilisha "sss" iwe "zzz", ili nyuzi za sauti ziingie kazini, kisha mtetemo wa midomo, "brrr", kama mtoto anayeendesha gari lake la mabua uani. Mtetemo huo ni mwalimu mkali: ukipuliza zaidi midomo inafunguka, ukipuliza pungufu inanyamaza. Kuimba mstari mzima kwa "brrr" kabla ya kuuimba kwa maneno kumeokoa mazoezi yangu mengi kuliko maelezo yoyote niliyowahi kutoa. Ila koo likikwaruza, acha. Na mtu ambaye sauti imemkauka zaidi ya wiki tatu anahitaji daktari wa koo, mazoezi hayamfai.

Tuje kwenye lugha, kwa sababu vitabu vya pumzi vilivyoandikwa kwa ajili ya Kiitaliano au Kijerumani haviwezi kutusaidia hapa. Kiswahili kinamalizia maneno yake kwa irabu. Ni neema kubwa kwa mwimbaji, maana kinywa hubaki wazi, lakini ni mlango wazi pia: hakuna konsonanti ya kufunga hewa mwishoni mwa neno, na mwimbaji mvivu huiacha ivuje, kila neno likaishia na "ha" ndogo isiyoandikwa popote. Sikiliza rekodi ya kwaya yako na utaisikia. Dawa ni kuibeba irabu ya mwisho hadi kwenye neno linalofuata bila kulegeza mbavu. Mwanzoni mwa maneno, jihadhari na h, f, s na sh. Ni herufi zinazokula hewa. Mstari unaoanza na "Hakika" unaweza kumeza robo ya pumzi kabla wimbo haujaanza. Upande wa pili, mb, nd na ng' ni marafiki. Wakati wa kupasha sauti mimi hutumia "mbe" na "ndi" kwa sababu ile nazali inawasha sauti kwa hewa kidogo sana.

Kuna jambo lingine linalonikera kuliko yote: kukata neno. Kitenzi chetu ni treni ndefu. "Tunakushukuru" ina mofimu kadhaa, na mwimbaji aliyepungukiwa pumzi huona mwanya kati ya "tunaku" na "shukuru", akachomoka hapo kuvuta hewa. Msikilizaji anapewa nusu ya neno, kisha ukimya, kisha nusu nyingine. Hata wimbo uwe mzuri vipi, maana imeshakatika.

Hili wasomaji wa Kurani walilimaliza zamani. Rafiki yangu, mwalimu wa chuo cha Kurani huko Unguja, alinifungulia msahafu wake akanionyesha alama ndogo za waqfu zilizowekwa juu ya mistari: hapa lazima usimame, hapa unaweza, hapa usisimame. Msomaji anajua pumzi yake itaishia wapi kabla hajaanza aya. Akikatika mahali pasipofaa, hurudi nyuma maneno machache, akaunganisha upya ili maana isiharibike. Kuna na madda, urefushaji wa irabu unaopimwa kwa hesabu, mwingine wa harakati mbili, mwingine nne, mwingine sita, na mtoto wa miaka saba anaupima kwa vidole. Kwa hiyo vizazi vya waimbaji wa pwani waliopita chuoni walifika kwenye taarabu wakiwa wameshafundishwa kitu ambacho kwaya nyingi za bara hazijakifundisha bado. Umm Kulthum wa Misri, ambaye taarabu ya Zanzibar ilimsikiliza sana, alianza kwa kusoma Kurani chini ya baba yake, aliyekuwa imamu wa kijiji. Anayetaka kusikia pumzi ndefu iliyopangwa kwa maana, amsikilize msomaji Abdul Basit Abdul Samad.

Nilipotoka pale Unguja nilianza kuweka alama zangu kwenye nota za kwaya, kwa kalamu nyekundu. Koma ndogo mahali pa kuvuta, mstari wa upinde juu ya maneno yasiyoruhusiwa kukatwa. Ni kazi ya nusu saa kwa wimbo mmoja, na inafanyika nyumbani kabla ya mazoezi, kwa kuusoma ubeti kwa sauti kama shairi.

Na pale ambapo mtunzi ameandika mstari ambao hakuna binadamu anayeweza kuupita kwa pumzi moja, kwaya ina njia ambayo mwimbaji wa peke yake hana: kupokezana. Kila mtu anavuta mahali pake, kimyakimya, katikati ya irabu ndefu. Havuti pamoja na jirani yake, na anarudi kwa sauti ndogo kuliko aliyotoka nayo. Msikilizaji husikia mstari usio na mwisho. Ili ifanikiwe lazima kila mmoja amsikilize wa kuliani na wa kushotoni kwake. Mstari wa mapigo 16 wa ile jioni ya Kwaresima tungeweza kuuimba hivyo bila mtu hata mmoja kuvimba shingo.

Mwalimu mwenzangu, kwaya nyingi hukutana saa mbili kwa wiki, na najua Jumapili ikikaribia kila dakika inadaiwa na wimbo mpya. Hata hivyo nakuomba dakika 10 za mwanzo. Kabla ya kugawa nota na kabla ya kugusa kinanda, tandikeni mikeka, laleni chini, kila mtu na kitabu chake cha nyimbo juu ya tumbo. Nawe lala pamoja nao.